Kuzima Telegram wakati wa KCSE: tunakinga mtihani au tunawanyima watu masomo?

Naleta mjadala huu mapema, kabla Novemba haijafika na KCSE, mtihani wa taifa wa kidato cha nne Kenya, watu waanze kuhangaikia VPN ya kupenya palipofungwa usiku wa kuamkia Hisabati. Mwaka 2024 Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza Telegram ifungwe saa za mtihani, asubuhi na alasiri, hadi KCSE iishe, kisa kuna chaneli zinazouza mtihani; ila kwangu ilikwama hata jioni. Mwaka 2023, msimu uo huo, nayo ilisumbua. Kwangu mimi, hapo serikali ilikosea.

Karatasi haitoki Telegram. Inatoka kwenye kontena lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa naibu kamishna wa kaunti ndogo, wa pili kwa mkurugenzi wa elimu, kisha inasafiri na polisi hadi shuleni. Anayepiga picha ni mtu mzima aliye kwenye msafara huo. Ndiyo maana nilipongeza utaratibu wa kuchukua karatasi za alasiri kando na za asubuhi, zisikae shuleni zikisubiri. Hilo liliziba pengo lenyewe.

Sasa nani hasa anaumia? Aliye bweni hana simu, amekatazwa. Anayeumia ni mtahiniwa wa kibinafsi: mchana yuko dukani, jioni anafungua karatasi za miaka iliyopita na sauti za mwalimu anayefafanua Kemia. Anapenda Telegram kwa sababu akijiunga leo anakuta mafaili yote tangu chaneli ianze, na simu yake haijai. WhatsApp haimpi hayo.

Mnaonaje?

Msimamizi: Ndugu, hujawahi kusimamia mtihani. Picha ikipigwa saa moja na nusu, saa mbili watoto wanaanza kuandika. Kwenye WhatsApp itazunguka kundi hadi kundi. Telegram, chaneli moja yatosha kuifikisha Mombasa na Turkana kabla karatasi haijagawanywa. Hizo wiki chache avumilie, apakue mafaili yake Oktoba.

Mama Wawili: Na nyingi ni feki! Watu wanatuma pesa, wanapewa mtihani wa mwigo (mock) wa juzi, jina la shule limefutwa. Swali langu: laini inayopokea hizo pesa si imesajiliwa kwa kitambulisho? Mbona isifuatwe?

Mwanzilishi: Mama, umesema. Msimamizi, hiyo nusu saa sikatai. Lakini mlaghai ana VPN tangu zamani, mwenye bando la shilingi ishirini ndiye anayekwama. Iraki huzima intaneti saa chache za asubuhi tu siku za mitihani. Hata hilo silipendi, ila kama lazima pafungwe, pafungwe saa moja hadi saa mbili. Kuna siri gani ya kulinda saa tatu usiku?

Msimamizi: Na karatasi ya alasiri?

Mwanzilishi: Ongeza saa saba hadi saa nane. Jioni mwache mtu asome.