Kwa nini sisi wanaume tunaota kitambi huku miguu imebaki fito?

dereva_wa_masafa: Wakuu habari zenu. Nina miaka 43, naendesha lori Dar mpaka Tunduma. Suruali nimetoka saizi 32 nipo 38, ila mapajani inapwaya vilevile kama zamani, na tumbo lenyewe gumu, ukiligonga linalia kama ngoma. Wife yeye akinenepa anajaa nyonga na mapaja kwanza na chungu tunachokula ni kimoja. Inakuwaje? Na bia sinywi kabisa, msinisingizie bia.

tabibu_wa_zamu: Mkuu huo ugumu ndo wa kuangalia. Mafuta unayoweza kuyabana kwa vidole yapo chini ya ngozi, ya kwako yapo ndani, nyuma ya misuli, yamezunguka utumbo na ini ndo maana tumbo limesukumwa nje likakaza. Kwa mwanamke estrojeni, homoni ya kike, inapeleka akiba nyonga na mapaja, akikoma hedhi naye huanza kuota tumbo kama sisi. Sasa mafuta ya ndani damu yake inapitia mshipa unaoingia moja kwa moja kwenye ini, ini linajaa mafuta, mwili unaanza kuigomea insulini, ile homoni inayoshusha sukari kwenye damu, ndo kisukari hicho kinabisha hodi.

muuza_nyama: Mi buchani naliona kila siku. Mbuzi aliyenona ukimpasua unakuta mafuta meupe kama wavu yamefunika utumbo, figo zimezama humo huzioni. Na dume aliyehasiwa ananona kuliko dume zima, wafugaji wote wanajua hilo. Ina maana na sisi homoni zikishuka ni vilevile?

tabibu_wa_zamu: Umegusa penyewe kaka. Testosteroni, homoni ya kiume, inashuka taratibu ukishavuka 30, halafu mafuta yenyewe yanageuza sehemu yake kuwa estrojeni, kwa hiyo kitambi nacho kinazidi kuishusha. Ila dereva usikimbilie sindano za homoni. Chukua futi ya fundi cherehani, pima katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, usivute tumbo ndani. Mwanaume akizidi sentimita 94 hatari imeanza, akifika 102 ni kubwa.

mtembea_jioni: Mimi nilipiga sitapu miezi mitatu hadi mgongo ukauma na tumbo likabaki palepale, mazoezi ya tumbo yanakaza misuli ila hayachagui mafuta ya kuchoma. Kilichonitoa ni kutembea lisaa kila jioni, soda nikaacha, ugali nikapunguza nusu nikaongeza mboga. Kiuno kilitoka 104 mpaka 95 na mkanda ulianza kulegea kabla hata mzani haujasogea sana, yani usikate tamaa kwa sababu ya kilo.

dereva_wa_masafa: Nimepaki Makambako, nimepima kwa fundi hapa stendi, 103. Nimekaa kimya kidogo wakuu. Soda mbili kila siku njiani, chipsi mayai saa tano usiku halafu nalala hapohapo kwenye kebini, hata bia haikuhitajika. Kesho nikishusha mzigo naenda kupima sukari na presha, na hii futi nimeinunua inakaa kwenye gari.