Podikasti ya shule za bweni za Kanada: maoni ya wasikilizaji yanakuja mepesi, tunakosea wapi?

BintiMikindani:
Wakuu, salaam. Kikundi chetu cha kusikiliza kina watu 20, kina mama na vijana wa bodaboda. Tunasikiliza *Surviving St. Michael's* ya mwanahabari Connie Walker, ile ya 2022 iliyopata Pulitzer mwaka 2023. Tunatafsiri palepale, kisha tunarekodi maoni. Kinachorudi ni "inasikitisha" na "Mungu awasaidie". Wengine wanauliza: mtu analalamikiaje shule ya bweni? Nifanyeje?

Chikongola:
Tatizo linaanzia kwenye neno "bweni". Kusini huku bweni ni heshima. Mtu akilisikia anaona shule kama Ndanda au Chidya: mtoto kafaulu, mzazi anahangaika na ada. Ya Kanada ilikuwa kitu kingine kabisa. Mwaka 1920 sheria iliwalazimisha watoto wa Mataifa ya Kwanza, yaani watu wa asili wa Kanada, wa miaka 7 hadi 15 kwenda, mzazi apende asipende. Waliadhibiwa kwa kusema lugha ya mama. Zaidi ya 150,000 walipitia shule hizo, na za mwisho zilifungwa miaka ya 1990. Usipoyasema haya kabla ya kubonyeza, msikilizaji atampima manusura kwa kipimo cha Ndanda.

Sema hivi kwa nusu dakika: askari kaja mlangoni kumchukua mwanao wa miaka 7, akirudi, hawezi kuongea Kimakonde na bibi yake. Swali la bweni halitarudi.

Na neno "wenyeji" kama tafsiri ya "Indigenous" liache. Kwetu mwenyeji ni aliyekukaribisha. Sema "watu wa asili", kisha taja kabila lenyewe. Walker ni Mcree wa Saskatchewan.

Mkalimani_Masasi:
Naunga mkono, ila kutafsiri palepale nako kunaharibu. Manusura akinyamaza sekunde 5, mkalimani anaingiza maneno yake, na ukimya ule ndio uliobeba uchungu. Chagua kipande cha dakika 6 hadi 8. Andika tafsiri siku moja kabla, wasomee yote, ndipo upige sauti bila kuingilia.

Anza na baba yake Walker. Alikuwa polisi, usiku mmoja mwishoni mwa miaka ya 1970 alisimamisha gari, akamtambua dereva: padri wa shule aliyosoma utotoni, mtu aliyemdhulumu. Zima hapo hapo. Usiulize "mnajisikiaje?", maana swali hilo ndilo linalozaa "inasikitisha". Uliza: polisi huyu angeweza kufanya nini? Nani walijua wakanyamaza?

Kila mtu atume ujumbe wa sauti wa dakika 1 kwenye simu moja kabla ya mjadala. Akitangulia kusema sheikh au mwenyekiti wa mtaa, waliobaki watamuunga mkono tu.

Ustawi_Lindi:
Dada, kwenye watu 20 huenda yupo aliyeumizwa utotoni. Ongea na afisa ustawi wa jamii wa kata mapema, na akae ndani ya chumba. Kama kuna mtoto hatarini sasa hivi, namba ni 116, bure. Mtu akianza kueleza yake, zima kinasa sauti kwanza, ndipo umsikilize. Ridhaa ya kurekodi iombwe mwanzo na irudiwe mwisho, maana mtu huwa hajui atasema nini hadi aseme. Sauti ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Waeleze pia kwamba Kanada jambo hili lilifika Mahakama ya Juu. Madai zaidi ya 38,000 ya manusura yalishughulikiwa faragha, na mwaka 2017 mahakama iliamua kumbukumbu hizo ziharibiwe baada ya miaka 15, isipokuwa mwenyewe akitaka zitunzwe. Ushahidi ni wa aliyeumia. Kina mama wa Mikindani nao waweze kufuta sauti zao.

BintiMikindani:
Asanteni sana, nimeandika yote. Moja limebaki: wazee wanahamisha mjadala kwenda kwenye mijusi ya Tendaguru, ile mifupa ya dinosaria iliyopelekwa Ujerumani. Niwazuie?

Chikongola:
Usiwazuie, dai lao ni la kweli. Mifupa ile ilichimbwa 1909 hadi 1913, wapagazi wakaibeba hadi bandari ya Lindi, na leo iko Berlin. Lakini ipe siku yake. Mzee akianza, andika hoja yake ubaoni mbele ya wote, pamoja na tarehe mtakayoijadili. Mifupa ikiingia katikati ya kipande hiki, yule mama aliyekuwa anatafuta neno kuhusu polisi na padri hatalisema tena.