Naomba ushauri: mzigo wa dagaa nipitishe wapi kwenda Kongo?

Mama Mwaloni
Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, na huu ni mwaka wangu wa tisa katika kazi hii. Muda wote huo nimewauzia Wakongo wanaofika sokoni wenyewe, wakapima, wakalipa, wakapakia na kuondoka, na yanayoupata mzigo njiani hayajawahi kunihusu. Sasa nimepata mteja aliye hukohuko Kongo, anayetaka nimfikishie tani saba kwa bei inayokaribia mara mbili ya bei yetu ya sokoni. Wengine wananiambia nipitie Kigoma kwa maji, wengine Tunduma kwa barabara, na shemeji yangu anashikilia njia ya Uganda. Ni usiku wa nne huu sijalala vizuri. Njia ipi ni salama na haitakula faida yote?

Dereva wa Tunduma
Dada, pita Tunduma na usisikilize mengine. Unavuka Nakonde, unashuka Zambia hadi Kapiri Mposhi, unapita Ndola na kufika mpaka wa Kasumbalesa, kisha Lubumbashi iko mbele yako. Njia hiyo nimeipita kwa miaka kumi na minne. Mwaka mmoja, mwezi wa Januari, nilikaa kwenye foleni ya Kasumbalesa siku kumi na moja huku mvua ikinyesha mchana na usiku, na turubai langu lilikuwa na tundu dogo ambalo sikuliona wakati wa kupakia. Nilikuwa nimebeba unga, na tulipofungua, magunia ya juu yalikuwa yameshikana kama tofali. Kwa hiyo turubai likaguliwe na watu wawili, mmoja akiwa ndani ya bodi na mwingine nje.

Mzee wa Ujiji
Mwanangu, maji ndiyo njia yetu ya asili. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu zamani ng'ambo ya ziwa tunaiona kuwa jirani kuliko mikoa mingi ya nchi yetu. Chombo kikitoka Kigoma kinafika Kalemie, na Kalemie utasikilizana na kila mtu. Jambo moja tu linanitatiza: watu wa kule wana dagaa wao wa Ziwa Tanganyika, wanaowaita ndagala, na mtu aliyezoea hao hatoi bei kubwa kwa dagaa wa Ziwa Viktoria. Marehemu kaka yangu alipeleka magunia ishirini akarudi nayo kumi na sita.

Mwalimu wa Ramani
Dada yetu, hakuna hata mmoja wetu anayeweza kukujibu kwa sababu hujasema mzigo unakwenda mji gani. Unasema "Kongo" kana kwamba ni kituo kimoja cha basi. Nchi ile ina kilomita za mraba zipatazo 2,345,000, yaani karibu mara mbili na nusu ya Tanzania, na katika Afrika inazidiwa na Algeria peke yake. Inapakana na nchi tisa, nasi tukiwemo, ingawa mpaka wetu ni wa maji matupu. Tangu 2015 ina mikoa 26, na saa zake ni za aina mbili, kwani Kinshasa iko nyuma ya Lubumbashi kwa saa moja. Sensa ya mwisho ilifanywa 1984, na makadirio ya leo yanazidi watu milioni 100. Mtu wa Lubumbashi anayetaka kwenda Kinshasa, akiwa na uwezo, hupanda ndege, kwa kuwa barabara ya kuaminika mwanzo hadi mwisho haipo. Basi tutajie mji.

Mama Mwaloni
Nashukuru, Mwalimu. Mteja ameniomba nisitangaze habari zake, kwa kuwa ana washindani. Ninachoweza kusema ni kwamba mji ni mkubwa, uko upande wa mashariki, na watu wake wanazungumza Kiswahili. Mteja ni mtu mstaarabu. Tunaongea kila siku saa mbili usiku, wakati ambao sote wawili tunafunga hesabu za siku, na hajawahi kunikosea adabu.

Mwalimu wa Ramani
Kiswahili kinazungumzwa Lubumbashi, Kolwezi, Kalemie, Bukavu, Goma, Bunia, Kindu na Kisangani. Kolwezi ni mji wa shaba na kobalti, na fedha ipo: zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima inachimbwa nchini humo, nyingi yake ikitoka ukanda huo wa kusini. Goma na Bukavu ziliingia mikononi mwa waasi wa M23 mwanzoni mwa 2025. Kila mji hapo una njia yake, hatari yake na bei yake. Usipotaja mji, tutakuwa tunakupotosha kwa nia njema.

Mama Mwaloni
Basi ni Kisangani. Lakini msidhani nimekurupuka. Nimekaa na ramani jioni tatu mfululizo. Kutoka Kigoma nitavuka hadi Kalemie, kutoka Kalemie kuna reli hadi Kabalo, kutoka Kabalo reli inapanda hadi Kindu, kutoka Kindu kuna mto hadi Ubundu, na kutoka Ubundu kuna reli nyingine inayoingia Kisangani. Mstari haukatiki popote. Isitoshe, tani tano tayari nimezinunua na ziko ghalani, kwa hiyo ushauri wa kuniambia niache hautanisaidia.

Mwana wa Maniema
Mama, pokea heshima zangu. Mimi ni mzaliwa wa Kindu na sasa naishi Kigoma. Ramani yako haikosei, na njia hiyo Wabelgiji waliijenga kipande kwa kipande kwa sababu mto wenyewe unakatika. Kati ya Ubundu na Kisangani kuna maporomoko saba ya Boyoma, ambayo hakuna chombo kinachoyapita, na ndiyo maana ikawekwa reli ya kilomita 125. Lakini hebu uhesabu mara ambazo gunia lako litashushwa na kupakiwa upya: Kalemie, Kabalo kama behewa halikuunganishwa, Kindu, Ubundu, Kisangani. Treni zetu hazina ratiba ya kumwahidi mtu. Nimewahi kumsubiri mjomba wangu stesheni ya Kindu kwa majuma matatu, na hakuna aliyeona ajabu. Treni ya Ubundu isipokuwepo, watu husukuma mizigo kwa baiskeli kwenye njia ya msituni, na hapo tani saba si mzigo wa kuzungumzia.

Jambo la pili ni hewa. Ninyi mnakausha dagaa juani, na Lubumbashi, ambako kiangazi ni cha kweli kuanzia Mei hadi Septemba, wanaweza kukaa. Kisangani iko karibu kabisa na mstari wa ikweta na mvua haina mwezi wa kupumzika. Dagaa waliokaa juma moja kwenye banda la Ubundu hulainika, kisha huota ukungu, na harufu yake mnunuzi huisikia kabla hajafungua gunia.

Kijana wa Sinza
Dagaa hawa watapanda meli, treni, boti na treni tena kabla ya kufika sufuriani. Mama, wakifika, walaji wasimame kuwapokea.

Msomi wa Pwani
Nimesoma kwa shauku, kwa sababu njia mnayoitaja ndiyo iliyokipeleka Kiswahili huko. Misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilitoka pwani ikapitia Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa hadi Kasongo na Nyangwe, na mwaka 1887 Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, akateuliwa liwali wa Stanley Falls, ambayo leo ni Kisangani. Wafanyabiashara wa wakati ule walipata faida, lakini gharama ya mizigo ililipwa kwa mabega na maisha ya watu, na sisi tunaojivunia lugha hii tunapaswa kulikumbuka hilo kila tunapoona jinsi ilivyoenea.

Dereva wa Tunduma
Mimi narudia, Kasumbalesa.

Mwalimu wa Ramani
Ndugu Dereva, kutoka Lubumbashi hadi Kisangani ni safari nyingine ya kuvuka nusu ya nchi. Kasumbalesa haimsaidii. Shemeji yake ndiye aliye karibu na ukweli: Mutukula, Kampala, Mpondwe, unaingia Kasindi, kisha Beni na barabara ya magharibi hadi Kisangani. Tatizo ni kwamba eneo la Beni, Irumu na Mambasa limeshambuliwa mara nyingi na wapiganaji wa ADF, na magari yamechomwa moto barabarani. Tangu Kongo ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, watu wengi wanafikiri njia zimefunguka, lakini mkataba hauilindi barabara.

Mtumishi Mwaminifu
Dada, bei ya mara mbili ni mtego wa tamaa. Miaka tisa Mungu amekulisha kwa wateja wanaokufuata ulipo. Nani alikutuma kumkimbilia usiyemjua?

Msomaji wa Usiku
Samahani kwa nitakayoyasema, lakini naona uzi huu umetungwa. Mwandishi anasema yeye na mteja wake wote wawili hufunga hesabu saa mbili usiku. Kisangani inafuata majira yaleyale ya Lubumbashi, na iko nyuma yetu kwa saa moja. Ikiwa Mwanza ni saa mbili, Kisangani ni saa moja. Aidha, mtu aliyekaa Mwaloni miaka tisa, akizungukwa na Wakongo kila siku, hakuwa na haja ya kutuuliza sisi. Angemuuliza mteja aliyesimama mbele ya mizani yake.

Mwana wa Maniema
Msomaji ameona jambo, ila huenda amemshuku mtu asiye sahihi. Mama, nakuuliza kwa upole. Huyo mteja umewahi kumwona? Na je, kuna fedha yoyote iliyotoka kwako kwenda kwake?

Mama Mwaloni
Nimekaa na swali hili tangu asubuhi. Sijamwona. Namba yake nilipewa na mtu aliyesema ni mpwa wake. Fedha, ndiyo, nilituma shilingi 2,600,000 kwa ajili ya vibali vya kuingiza samaki, na alinitumia picha ya karatasi yenye mihuri. Fedha hizo ni za kikundi chetu cha kuweka na kukopa, ambacho mimi ni mweka hazina. Nilikusudia kuzirudisha kabla ya mgao wa Desemba. Sikuwauliza wateja wangu wa Mwaloni kwa sababu wangejua ninataka kuwapita na kuuza kwao bila wao, na wangehamia kwa mwingine. Hiyo ndiyo sababu nimekuja hapa, Msomaji, na si kwamba natunga.

Kuhusu saa, niliandika hivyo kwa kudhani tu. Nimempigia dakika chache zilizopita nikamuuliza kwake ni saa ngapi, akajibu pungufu ya saa moja bila kusita.

Msomaji wa Usiku
Jibu hilo linaweza kutolewa hata na mtu aliyekaa Kampala mwenye simu mkononi. Lakini naliondoa neno langu la kwamba umetunga, na ninakuomba radhi.

Mwana wa Maniema
Mama, karatasi yenye mihuri kwetu si vigumu kuipata. Fanya kama wenzetu wanavyofanya miaka yote hapo Mwaloni: mteja atume mtu wake, apime, alipe, na mzigo ukitoka ghalani uwe wake. Akilipa kwa dola, kagua kila noti, kwa sababu Kongo noti yenye mchaniko mdogo inakataliwa, na wengine huzileta kwenu ili kuziondoa mikononi. Akikataa kutuma mtu, tani tano hizo wauzie wale unaowaficha. Wao ndio wanaojua wapi pa kuzifikisha.

Mama Mwaloni
Nimemwambia hivyo. Amesema nimpe hadi Jumatatu, kisha akaniuliza kama ninaweza kuongeza kidogo kwenye fedha ya vibali. Sikumjibu. Mvua za vuli zimeanza hapa, na leo nimenunua turubai jipya nikalifunika ghala. Jumapili nimewaita wanakikundi nyumbani kwangu, niwaeleze mwenyewe kabla hawajalifungua daftari.