Majibu ya likizo kwenye barua pepe ya ofisi: niyapange wapi ili yasikatike?

Mnunuzi wa Ziwani

Habari za majukumu, ndugu zangu. Mimi ni afisa manunuzi katika kampuni ndogo hapa Mwanza, na baada ya wiki mbili ninaanza likizo ya uzazi ya siku 84 ambayo, kwa kuwa nimeiunganisha na siku zangu zilizobaki za likizo ya mwaka, itaniweka nje ya ofisi kwa zaidi ya miezi mitatu. Makabidhiano na mwenzangu atakayekaimu yanakwenda vizuri. Kinachonikosesha usingizi ni barua pepe.

Mwaka jana, nilipokwenda likizo fupi, niliandika ujumbe wa kuwajulisha wazabuni kwamba sipo, nikatengeneza kanuni ndani ya Outlook, programu ninayosomea barua pepe, ya kuutuma kwa kila anayeniandikia, nikaiacha kompyuta ikiwaka chini ya meza. Siku ya pili umeme ulikatika, na kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba kompyuta ile ilikuwa na kazi, haikuwashwa tena mpaka niliporudi. Nilikuta ankara tatu zimepitiliza tarehe ya malipo, na mzabuni mmoja ameandika mara nne, kila barua ikiwa fupi na kali kuliko iliyoitangulia.

Rafiki yangu aliyeajiriwa benki ana kitufe cha majibu ya moja kwa moja ndani ya Outlook, nami sina, kwa nini? Pia, nukuu nyingi za bei huja kwenye anwani ya pamoja ya manunuzi, si kwenye anwani yenye jina langu. Je, nako jibu litatoka? Mwenye uzoefu wa namna ya kuuandika ujumbe wenyewe naye asisite kunisaidia.

Fundi Seva

Hongera, dada, na Mungu akujalie ujifungue salama.

Outlook zenu ni sawa. Kinachotofautiana ni seva iliyo nyuma yake, yaani kompyuta ya mbali inayopokea na kutunza barua zenu. Rafiki yako bila shaka anatumia Exchange au Microsoft 365, huduma za barua pepe za Microsoft, ambako jibu huhifadhiwa na kutumwa na seva yenyewe, hata kama kompyuta yake imezimwa na kufungiwa kabatini. Akaunti yako, kwa maelezo uliyotoa, imeunganishwa kwa IMAP au POP, njia za kawaida za programu kuchukua barua kutoka kwenye seva yoyote, na kwa akaunti za namna hiyo Outlook haikionyeshi kitufe hicho. Kanuni uliyoitengeneza ilikuwa ikiishi ndani ya mashine yako, na umeme ulipokwenda, ikaenda nao.

Ingia basi kwenye barua pepe ya ofisi kwa kutumia kivinjari, kwa anwani mliyopewa na kampuni inayowahifadhia tovuti, na ulipange jibu huko huko kwenye seva. Kama wanatumia cPanel, programu ya kusimamia tovuti na barua pepe, utakuta sehemu ya majibu ya moja kwa moja, na ndani yake kisanduku kidogo cha saa ambacho watu wengi hukiruka. Hicho ndicho kinachoamua seva ikae saa ngapi kabla ya kumjibu tena mtu yule yule, na ukikiacha na sifuri, kila barua itajibiwa. Niliwahi kuitwa Jumatatu asubuhi kwenye ofisi moja iliyofanya hivyo: jibu la likizo lilikwenda kwenye mfumo wa mzabuni unaotoa risiti kwa kila barua inayoingia, risiti ikajibiwa, jibu likatolewa risiti, na mashine mbili zikasalimiana tangu Ijumaa jioni mpaka sanduku likajaa na barua za wateja zikaanza kurudishwa. Mwongozo wa kiufundi wa intaneti uitwao RFC 3834, wa mwaka 2004, unazitaka programu hizi ziweke alama kwenye kichwa cha barua kuonyesha kwamba imetumwa na mashine, na zisiijibu barua yenye alama hiyo, lakini si kila mtengenezaji wa mfumo ameusoma. Gmail kwa kawaida humjibu mtu mara moja tu, na humjibu tena akiandika baada ya siku nne.

Kuhusu anwani ya pamoja, programu nyingi za kwenye seva hutazama kwanza kama anwani yako imo kwenye mstari wa mpokeaji au wa nakala. Barua ikiwa imepitia anwani nyingine, hukaa kimya. Unaweza kuiongeza anwani hiyo kwenye orodha ya anwani zako pale unapopanga jibu. Mimi lakini nisingeiwekea jibu la likizo hata kidogo, kwa sababu wewe unaondoka ila manunuzi yanaendelea. Ielekezwe kwa kaimu.

Bi Masijala

Mwanangu, nimekaa masijala miaka mingi na nimesoma majibu ya likizo yenye salamu aya nzima, shukrani aya ya pili, na jina la kaimu limesahauliwa. Anayekuandikia anataka kujua apeleke wapi shida yake. Mimi ningeandika hivi:

"Ndugu, asante kwa barua yako. Sitakuwepo ofisini kuanzia tarehe 3 Machi hadi tarehe 13 Juni, na barua zitakazoingia katika kipindi hicho sitazisoma. Masuala ya bei, hati za kuagizia na ankara yanashughulikiwa na kaimu wangu. Tafadhali itume barua yako upya kwenye anwani ya manunuzi, ukitaja namba ya hati ya kuagizia."

Neno "sitazisoma" litaonekana kavu, lakini liache. Ukiandika kwamba utajibu utakaporudi, kuna mzabuni atakayekusubiri miezi mitatu kwa roho safi kabisa, kisha aje na riba. Sababu ya likizo haimhusu mtu wa nje, wala usitoe namba ya simu ya mkononi ya kaimu, kwa kuwa ujumbe huu utamfikia yeyote aandikaye, matapeli wakiwemo. Tapeli akishajua kwamba haupo, humwandikia mhasibu akijifanya mzabuni, akadai kuwa kabla hujaondoka mlikwisha kukubaliana kubadilisha akaunti yake ya benki. Mwachie mhasibu dokezo la maandishi: ombi lolote la namna hiyo lithibitishwe kwa namba iliyomo kwenye faili la mzabuni, si ile iliyoandikwa chini ya barua.

Mzee wa Ankara

Nawaunga mkono waliotangulia. Langu ni la saa. Mwaka mmoja nilitaka jibu lianze Ijumaa saa tisa alasiri, nikachagua 9:00 bila kukumbuka kwamba kompyuta haihesabu saa kama sisi. Likaanza saa tatu asubuhi. Bosi wangu, ambaye ukuta wake na wangu ni mmoja, alinitumia barua akajibiwa kwamba niko likizo, akaja kusimama mlangoni akinitazama nikinywa chai. Wanaotumia Gmail hawapewi nafasi ya kuchagua saa: jibu huanza saa sita usiku wa kuingia siku ya kwanza na kukoma saa 5:59 usiku wa siku ya mwisho, kwa hiyo ukiandika Jumatatu, barua za Jumamosi na Jumapili hazitajibiwa.

Mnunuzi wa Ziwani

Shikamoo Mama, shikamoo Mzee, na asante sana Fundi. Jana nimelipanga jibu kwenye seva, kisanduku cha saa nikakiandikia 96, kisha nikamwomba mume wangu ajaribu kwa anwani yake. Jibu lilimfikia mara moja. Alipotuma tena hakupata kitu, akanipigia kuniambia kwamba limekwisha kuharibika, ikabidi nimsomee maelezo ya Fundi neno kwa neno.

Kubwa zaidi ni kwamba nilipoifungua anwani ya pamoja ili nimwelekezee kaimu, nilikuta bado inapeleka nakala ya kila barua kwa mfanyakazi aliyeacha kazi mwaka juzi. Nimeiondoa jana hiyo hiyo na kumwarifu meneja. Dokezo la mhasibu nalo limepokelewa. Amelibandika ukutani, juu kidogo ya kikokotoo chake.