Naomba ushauri: buti nyepesi zisizopitisha maji za kupandia Kilimanjaro mwezi wa pili

Binti wa Tanga
Habari zenu wakuu. Mwezi wa pili napanda Kilimanjaro na wenzangu wa kazini, njia ya Marangu. Najua ni kiangazi, lakini kila aliyepanda ananiambia mvua ya kule msituni haina ratiba. Buti mpya bei imenishinda. Kwenye mitumba nimeona za ngozi, nzito sana, na za kitambaa zenye nembo ya Gore-Tex, ule utando wa ndani wa kuzuia maji. Nichukue zipi? Natoka malengelenge upesi.

Mgumu wa Marangu
Dada, za kitambaa. Njia yenu haina mawe makali kiasi cha kuhitaji ngozi nzito, na ngozi ikilowa inazidi uzito. Ila kagua soli kwanza! Lile povu lililo kati ya soli ya chini na kiatu huoza kwa umri, hata kama kiatu hakijavaliwa. Libonyeze kwa kidole gumba, kisha pinda kiatu. Ukiona nyufa au unga, rudisha. Nimeshuhudia soli ikibanduka nzima juu ya kambi ya Horombo, mgeni wa watu akashuka kiatu kimefungwa kamba. Gundi ya fundi haisaidii hapo, maana povu lenyewe limeshakwisha.

Kaka Mkimbiaji
Mimi natumia raba za kawaida za kukimbilia milimani. Zinalowa, zinakauka, safari inaendelea. Viatu visivyopitisha maji, yakishaingia kwa juu, hayatoki.

Mama Pendo
Kaka, Usambara nakubaliana nawe. Lakini huyu anakwenda kambi ya Kibo, mita 4,700 na ushee, halafu usiku wa manane aanze kupanda kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895. Huko ni baridi ya kugandisha maji ya kunywa. Mguu uliolowa ni hatari.

Mdogo wangu, nembo isikudanganye, utando wa ndani huchakaa. Vaa soksi kavu, simama kwenye beseni maji yakifika juu kidogo ya soli, robo saa hivi. Soksi zikipata unyevu, hizo si zako. Na uzijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa na soksi nene za sufu. Sogeza vidole hadi mbele: kidole kimoja cha mkono kipite nyuma ya kisigino. Zikibana, wakati wa kushuka kucha zitakuuma mno. Soksi za pamba ziache nyumbani, ndizo zinazoleta malengelenge.

Binti wa Tanga
Asante sana dada, asanteni wote. Kesho narudi sokoni. Zikilowa njiani nizikaushe vipi?

Mgumu wa Marangu
Toa soli ya ndani, jaza magazeti, badilisha yakishalowa. Usiziweke karibu na jiko, joto linaachanisha gundi. Na anza kuzivaa sasa hivi, kazini na sokoni, usisubiri siku ya kuanza kupanda getini.