Walimu wa udereva tunapandishwa magari yasiyo na breki ya mwalimu, kisha tunakatwa mshahara

Ndugu zangu,

Ninafundisha udereva hapa Dar es Salaam na nimechoka kunyamaza. Shule ninayoifanyia kazi, na si yenye tabia hii peke yake, inatupa magari ya kawaida yaliyobandikwa kibao cha L mbele na nyuma, lakini upande wa kushoto anakokaa mwalimu hakuna pedeli hata moja. Mwanafunzi ana usukani, klachi, breki na mafuta, wakati mimi ninayetakiwa kumlinda yeye na watembea kwa miguu nina mdomo na mkono wa kulia tu.

Wasioijua kazi hii hutuambia kwamba hendibreki ipo. Hendibreki katika magari mengi hukamata magurudumu ya nyuma peke yake, na imewekwa ili gari lililokwisha kusimama lisiserereke. Ukiivuta kwa nguvu gari likiwa kwenye kasi, hasa lami ikiwa imelowa, magurudumu hayo hujifunga na gari linaweza kugeuka ubavu. Tena heri hapo, kwa sababu yapo magari ya Kijapani ambayo breki ya kuegeshea hukanyagwa kwa mguu wa dereva, na mwalimu haifikii kabisa. Mwendo unaoruhusiwa katika maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa, na kwa mwendo huo gari hupita karibu mita 14 kila sekunde. Katika sekunde hiyo moja natakiwa niseme, nisikilizwe, nieleweke, na mguu wa mtu aliyeshikwa na hofu uhame kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki.

Hivi karibuni nilikuwa na mama mmoja, mwanafunzi mwangalifu kabisa, tukisogea katika foleni ya Barabara ya Mandela, ndipo bodaboda akachomekea mbele yetu. Mama alikusudia kukanyaga breki, akakanyaga mafuta. Nilivuta hendibreki na kuukamata usukani, lakini tukaligonga bampa la daladala. Hata kondakta alipokuwa anashuka akifoka, mguu wa yule mama ulikuwa bado juu ya mafuta unatetemeka, injini inanguruma, na ilinibidi nizime swichi mwenyewe. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia.

Tajiri hakuuliza habari ya majeraha. Aliuliza bei ya bampa, akaikata kwenye mshahara wangu, mshahara ambao hata ukiwa kamili hautoshi kodi ya nyumba na ada za watoto. Hii ndiyo dhuluma inayoniuma zaidi: mtu anakunyima kifaa cha kuzuia ajali, kisha anakutoza gharama ya ajali ambayo kifaa hicho kingeizuia. Kuunganisha pedeli ya pili na ile ya dereva ni kazi ya fundi, na magari yenye breki mbili nimeyaona hapahapa mjini. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba haiwezekani.

Sheria ya Usalama Barabarani tunayo tangu mwaka 1973, na shule za udereva hazifanyi kazi kwa siri. Ninaomba wakaguzi wanapokuja wasiishie kwenye kibao cha L na taa, bali wafungue mlango wa kushoto, wainame, watazame chini ya dashibodi, na gari lisilo na breki ya mwalimu lisiruhusiwe kuingia barabarani na mwanafunzi. Makato ya namna hii nayo yakomeshwe.

Nawe unayetaka kujifunza, kabla hujalipa ada, omba uoneshwe gari utakalofundishiwa na uitafute pedeli hiyo kwa macho yako. Usipoiona, muulize mwenye shule, usimuulize mwalimu, kwa maana sisi tukiuliza tunaambiwa wapo wengi nje wanaoitaka nafasi hii.