Nashuka nchi ya watu kwa mara ya kwanza, nikifika uwanjani inakuwaje?

Mguu_Njiani:
Wakuu, shikamooni wakubwa, wa rika langu mambo vipi. Nina safari ya nje, na hata ndege yenyewe sijawahi kupanda. Viza ya matembezi ninayo, nafikia kwa binamu yangu, na kuna kubadili ndege njiani. Kuruka hakunitishi. Roho inadunda nikiwaza nikishashuka. Nasikia afisa wa uhamiaji anaweza kukurudisha hata kama una viza, ni kweli? Anauliza nini? Na begi nalichukua tunapobadili ndege au mwisho wa safari? Lugha ya huko naiokoteza tu. Natanguliza shukrani.

Babu_Transiti:
Marahaba. Ni kweli, viza inakufikisha mlangoni, ila wa kukufungulia ni afisa. Usiikuze lakini. Anachopima ni kama maneno yako yanalingana na karatasi zako. Atauliza umekuja kufanya nini, unakaa wapi na kwa nani, siku ngapi, gharama anabeba nani, unarudi lini. Jibu ulichoulizwa, basi. Watu wengi hujichongea kwa maelezo marefu ambayo hakuna aliyeyaomba. Una viza ya matembezi halafu unachomekea kwamba ukipata kibarua hutakataa, hapo umeyataka mwenyewe.

Tiketi ya kurudi ichape. Anwani ya binamu na namba yake viandike kwenye karatasi, maana simu huzima chaji, na kwenye foleni ya uhamiaji nchi nyingi hawataki kabisa uitoe. Hujaelewa swali? Sema hujaelewa, omba mkalimani. Kuitikia "ndiyo" kwa swali usilolijua ni hatari kuliko kunyamaza.

Ukipelekwa chumba cha pembeni, hujakamatwa. Wanataka kukuhoji zaidi, na wanaweza kumpigia binamu palepale. Wewe umesema wiki mbili, yeye akisema miezi miwili, kazi ipo. Kaeni muongee kabla hujaondoka.

Kiti_cha_Dirishani:
Vaa suti tu mkuu, watakuheshimu, hawaulizi kitu.

Babu_Transiti:
Suti ya saa kumi na mbili ndani ya ndege, ukishuka imekunjamana kama gazeti la kufungia. Avae nguo safi anazozizoea. Na kabla hatujasahau, nchi nyingi zinataka pasi ya kusafiria iwe na angalau miezi 6 mbele kabla haijaisha muda. Kama nchi unayokwenda inadai chanjo ya homa ya manjano, chomwa mapema, kwa sababu cheti huanza kutumika siku 10 baada ya sindano. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka 10.

Mwana_Mizigo:
La begi niachieni mimi. Unapokabidhi mzigo, muulize mhudumu unaishia wapi, kisha soma mwenyewe zile herufi tatu kwenye stika, ndiyo alama ya uwanja ambako begi litashushwa. Kile kipande anachokupa kitunze. Ukiingilia Marekani, kwa kawaida unachukua begi uwanja wa kwanza, unapita nalo forodha, ndipo unalikabidhi tena. Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipakani kati yao, uhamiaji unamalizana nao uwanja wa kwanza wa Schengen hata kama unaendelea mbele, kwa hiyo angalia muda wa kubadili ndege usiwe mfinyu.

Begi lisipotokea kwenye mkanda, usitoke nje ya ukumbi ule. Nenda dawati la mizigo iliyopotea, jaza fomu, ondoka na namba ya ripoti. Kwa Mkataba wa Montreal wa 1999, ule wa kimataifa wa usafiri wa ndege, mzigo ulioharibika unalalamikiwa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu uupokee, uliochelewa ndani ya siku 21. Dawa, chaja na nguo za kubadili ziwe kwenye begi la mkononi.

Mguu_Njiani:
Aisee, nashukuru sana. Kuna na hili, shangazi kanipa kifurushi nimpelekee binamu. Kimefungwa kwa gundi ya karatasi pande zote, anasema ni vitu vya nyumbani tu.

Mwana_Mizigo:
Fungua. Leo. Forodha hawamjui shangazi yako, kilichomo ndani ya begi lako ni chako. Sisemi ana nia mbaya, ila nyama, maziwa, matunda na mbegu vinakatazwa au kubanwa nchi nyingi, na Australia na New Zealand hawana mzaha hata kidogo. Ukiwa na shaka, pita njia nyekundu na utaje ulichobeba. Kitu ulichotaja mara nyingi kitachukuliwa tu, ila ulichoficha kina faini. Fedha nazo, Marekani ukizidisha dola 10,000 lazima useme, Umoja wa Ulaya ni kuanzia euro 10,000. Kusema si kukatwa kodi, wanataka kujua tu.

Kiti_cha_Dirishani:
Sasa niongee la maana. Ukishavuka ile milango ya mwisho utalakiwa na watu wa "teksi, teksi", wengine watashika begi kabisa. Pita, nenda kwenye foleni rasmi ya teksi. Mashine ya fedha ikikuuliza ikukate kwa sarafu ya kwenu au ya pale, chagua ya pale, hiyo nyingine ina kiwango cha kuumiza. Intaneti ya bure ya uwanjani mara nyingi hutuma namba ya siri kwa ujumbe mfupi, kwa hiyo laini yako iweze kupokea ujumbe ukiwa nje. Binamu akichelewa, msubiri ndani.

Mguu_Njiani:
Mrejesho wakuu. Nimempigia binamu, kumbe kweli alijua nakaa miezi miwili. Tumewekana sawa, na anwani kanitumia. Kifurushi shangazi amekataa kisifunguliwe, anasema namvunjia heshima.

Mwana_Mizigo:
Mrudishie kwa heshima zote.